Wanangu mnaotua ugenini, malizeni karatasi hamu ingalipo

Wanangu,

Salamu kwenu mliomaliza shule na kuamua kukaa mwaka mmoja ughaibuni kabla ya chuo, kwa kujitolea, kwa vibarua au kwa kutembea tu. Mawaidha ya tabia njema mtakuwa mmeshayasikia mpaka mmeyachoka. Mimi nasemea mpangilio. Siku tano sita za mwanzo mtu huwa na nguvu za ajabu, kila kitu kinamfurahisha, hata foleni. Hamu hiyo huisha, na mara nyingi ni wiki ya pili au ya tatu. Itumieni ingalipo kwa mambo yanayochosha: hati, simu, fedha. Mandhari hayahami.

Anza na pasipoti, palepale uwanjani, kabla hujaliacha dirisha la uhamiaji. Usome muhuri. Tarehe ni ya leo? Umepewa siku ngapi? Afisa akikosea, ukiwa bado mbele yake husahihisha kwa dakika mbili. Ukirudi baada ya mwezi, wewe ndiye unayejieleza. Tena msichanganye muda ambao viza ni hai na idadi ya siku mnazoruhusiwa kukaa. Viza inaweza kuwa hai miezi sita, na siku zako ndani yake zikawa 30 tu.

Eneo la Schengen kule Ulaya, yaani nchi kadhaa zinazohesabiwa kama moja kwa mgeni, ndilo linalowanasa wengi. Mgeni wa muda mfupi ana siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia inahesabiwa sawa na siku ya kutoka. Siku 90 si miezi mitatu. Aliyeingia tarehe 1 Machi na asitoke, siku yake ya mwisho ni 29 Mei; akikata tiketi ya 31 Mei amezidisha siku mbili. Kuvuka kwenda nchi nyingine ya eneo hilohilo hakubadilishi kitu, wala kutoka wikendi moja na kurudi hakuanzishi hesabu upya. Na tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kuandikisha wageni kwa picha na alama za vidole badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo kompyuta yao inahesabu nawe huna muhuri wa kutazama. Andika tarehe zako kwenye daftari, na tunza pasi ya kupandia ndege (boarding pass).

Mwenye viza ndefu ana deni lingine, kujiandikisha serikalini. Ujerumani ni ndani ya wiki mbili tangu kuhamia kwenye makazi. Italia ni siku 8 za kazi tangu kuingia nchini, uwe umeomba kibali cha ukaazi. Kinachokwamisha ni mwenye nyumba. Ujerumani, kwa mfano, ofisi haikuandikishi bila karatasi yake inayothibitisha kuwa umehamia kwake, na wapo wanaopangisha kienyeji wasiotaka kuitia saini. Swali hilo liulizwe kabla ya kutoa amana. Na chumba ambacho hujakanyaga, wala mtu unayemwamini hajakikanyaga, usikilipie hata picha zikipendeza vipi.

Simu nayo. Kosa la kila mwaka ni lilelile: kijana anatua, anang'oa laini ya nyumbani, anachomeka ya ugenini. Siku ya tatu benki inamtumia namba ya uthibitisho kwenye laini ile aliyoitupa begini, au iliyobaki mezani kwao. Kadi imefungwa, na namna ya kuifungua inapita kwenye namba isiyoshika. Rominga, yaani huduma ya kutumia laini ya nyumbani ukiwa nje, iwashwe kabla ya safari, maana baadhi ya laini ukishatoka haziwashiki. Kisha laini ya zamani ibaki ndani ya simu, intaneti yake ukiizima, na ya ugenini iwe ya pili. Iwekee salio mara kwa mara. Namba ikilala miezi bila kutumika, kampuni huifunga na kumpa mtu mwingine, pamoja na ujumbe wako wa benki.

Kadi ziwe mbili, na zisilale mfuko mmoja. Ukitoa fedha, mashine inaweza kukuuliza kwa upole kama ukatwe kwa sarafu ya hapo au ya kwenu. Ya kwenu inavutia kwa sababu unaielewa. Chagua ya hapo. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na hajipunji.

Kuhusu kazi nitasema machache. Kulala na kula bure kwa kubadilishana na saa chache za kazi hostelini au shambani, katika nchi nyingi ni ajira, hata mkiita kujitolea, na viza ya utalii haikubali. Atakayefukuzwa ni wewe. Na mtu yeyote anayetaka akutunzie pasipoti, apende asipende, mpe nakala. Shirika la Kazi Duniani linahesabu kushikiliwa hati kuwa moja ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa.

Mwili una ratiba yake. Ukivuka kanda za saa, hujirekebisha karibu saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi. Mchana toka nje kwenye mwanga. Usingizi wa mchana usipite dakika 30. Tumbo likiharibika, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. Sukari ikizidi huongeza kuharisha, na chumvi ikizidi ni hatari. Kama umetoka au umepita penye malaria, homa yoyote katika miezi mitatu ya mwanzo mwambie daktari ulikotoka, asipokuuliza pia. Daktari asiyeiona malaria kazini kwake huanza na mafua. Na pikipiki ya kukodi: bima nyingi za safari hazilipi kama huna leseni ya pikipiki. Ya gari haihesabiki.

Sasa hiyo wiki ya tatu. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliieleza hali ya mgeni baada ya furaha ya kwanza kwisha, na dalili alizotaja zinachekesha mpaka zikupate: kunawa mikono kupita kiasi, kuyashuku maji na matandiko, kuwaka hasira kwa ucheleweshaji mdogo. Ukijiona hivyo, huumwi. Punguza kupiga simu nyumbani kila usiku, maana unaamka ukiwa huko na mwili uko huku. Mara mbili kwa wiki, siku zinazojulikana, inatosha. Tafuta kitu kimoja cha kila wiki chenye watu walewale: mazoezi, kwaya, darasa la lugha. Na uamuzi wa kurudi usiufanye usiku. Uandike, uupe siku 14.

Lakini siku 14 hizo si za kila jambo. Pasipoti yako imeshikwa, chumba unacholala hakifungiki kwa ndani, mtu anakugusa au kukutisha: hapo hakuna cha kuzoea, unaondoka leo. Begi linaweza kubaki. Ndiyo sababu ile kadi ya pili hailali na ya kwanza, na nauli ya kurudi imo ndani yake tangu siku mlipotua.

Mzee wenu