Juma, usinunue difu nyingine kwanza

Arusha, Jumapili usiku

Juma kaka,

Mambo vipi, mama hajambo? Nisalimie sana, mpe shikamoo yangu, mwambie Desemba nitaileta mwenyewe. Ile voisi uliyorekodi barabara ya Bagamoyo nimeisikiliza kwa hedifoni usiku watoto wakiwa wamelala, nimeirudia nikiwa nimefumba macho, na mimi naona fundi wako yuko sahihi kwamba kelele ya hiyo Impreza yako inatoka difu ya nyuma, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ila kwenye dawa yake ya kufunga difu nyingine ya mtumba ndo sikubaliani naye kabisa na ndo maana naandika barua ndefu badala ya kupiga simu, maana kwenye simu utanikatiza.

Sikiliza tena mwenyewe. Ukifika kama spidi 75 inaanza kulia, ukikanyaga mafuta inapanda, ukiachia tu inakata, alafu kwenye 95 inapotea. Tairi haliko hivyo, tairi linabadilika ukitoka lami laini kwenda lami ya kokoto na halijali kama umekanyaga au umeachia. Beringi ya gurudumu nayo utaijua ukipinda, inaongezeka upande mmoja na kupungua mwingine. Hii yako inafuata mzigo, ina sauti moja safi kama mtu anapuliza filimbi, na ukipiga hesabu utaona kwanini: tairi zako za 225/45 rimu ya 17 mzunguko wake ni karibu mita 2, kwaiyo kwenye 80 gurudumu linazunguka mara 11 kwa sekunde, na kama difu yako ni ile ya uwiano wa 3.545, yani pinioni (gia ndogo inayosukuma) inazunguka mara 3.545 krauni (gia kubwa) ikizunguka mara moja, hiyo krauni ina meno 39, basi meno yanakutana mara 430 na kitu kila sekunde. Hiyo ni noti kamili ya muziki kaka. Gia zikikaa vizuri hiyo noti ipo lakini huisikii, zikihama kidogo tu inaingia hadi kwenye siti.

Sasa hiyo habari ya kwenda Gerezani kuchukua difu ya mtumba. Kwanza hujui imetoka kwenye gari gani na imekaa na oili au bila oili, inaweza ikalia kuliko yako na huyo muuzaji hatakurudishia hela. Pili, na hili ndo linanitisha zaidi, R180, aina ya difu uliyonayo, siyo difu moja. Hiyo 180 ni kipenyo cha krauni kwa milimita, basi, haikuambii uwiano. Zipo za 3.545 na zipo za 3.900, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Impreza STI zenye giaboksi ya spidi sita ambazo transfa yake (gia za kupeleka nguvu nyuma) inapunguza kwa 1.1, mbele zina 3.900 na nyuma lazima iwe 3.545, maana 3.545 mara 1.1 ndo inarudi 3.9. Ukifunga ya 3.900 nyuma kwenye giaboksi hiyo, mbele na nyuma zinatofautiana asilimia 10 muda wote, mchana na usiku, na anayebeba hiyo tofauti ni senta difu, ile ya kati ya mbele na nyuma, mpaka aungue. Gari itatembea, hiyo ndo hatari yake, itatembea vizuri tu siku ya kwanza na fundi atakuwa ameshalipwa. Kama siku moja utalazimika kuchukua nyingine basi hakikisha uwiano kwa mkono wako: zungusha flanji ya propela na uhesabu inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja.

Yako ijengwe upya. Krauni na pinioni zako zilisagwa pamoja kiwandani zikiwa pea, zina alama za kuonyesha ni pea, na miaka yote hii zimezoeana. Kinachochoka mara nyingi ni beringi, hasa za pinioni, maana pinioni ndo inakimbia: kwenye 80 inapiga karibu mizunguko 2,400 kwa dakika na wakati huo huo krauni inaisukuma kwa nguvu ikae mbali nayo. Beringi ikilegea pinioni inahama, meno yanakutana sehemu ambayo siyo yao, filimbi inaanza. Kwaiyo kazi yote, yani kazi nzima ukiondoa jasho la kushusha na kupandisha, ni kurudisha pinioni pale pale ilipokuwa na krauni pale pale ilipokuwa. Fundi anayeelewa hilo mpe gari. Anayekuambia "tutakaza nati tu itatulia" usimpe.

Difu yangu mimi ilikuwa imeingia maji. Kipumulio cha juu kilikuwa kimeziba na tope, na kikiziba difu ikipata joto hewa ya ndani inatafuta pa kutokea na inatokea kwenye sili, alafu ukivuka maji difu ikiwa ya moto inapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Oili ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Sumaku ya kwenye plagi ikiwa na uji mweusi laini usiogope, huo ni wa kawaida, ila ukiona vipande vinavyong'aa kama magamba ya samaki ujue kuna uso wa beringi au wa jino umebanduka. Mimi nilikuta magamba, na beringi kubwa ya pinioni ilikuwa na vishimo huku meno yote mazima kabisa, nikashukuru Mungu. Alafu hili la kumwaga oili: fungua plagi ya juu kwanza, ile ya kujazia, kabla hujagusa ya chini. Zote zinafunguliwa na raketi yenyewe ya nusu inchi bila soketi. Ukimwaga alafu ya juu ikagoma kufunguka umebaki na gari isiyo na oili na huna pa kujazia.

Ikishuka mezani usivunje kitu. Fungua kava ya nyuma, futa, alafu pima ikiwa bado imefungwa kama ilivyo. Weka dayo geji (ile saa ya kupimia mwendo mdogo) kwenye jino la krauni, shika pinioni isicheze, tikisa krauni na usome plei, yani nafasi ya kucheza kati ya meno, sehemu nne tofauti za mzunguko. Andika. Paka rangi ya gia kwenye meno matano sita, zungusha huku mwenzako anaizuia krauni na kipande cha mbao ili kuwe na mzigo, alafu piga picha alama iliyotokea, pande zote mbili za jino. Hizo namba na hizo picha ndo ramani yako ya kurudia nyumbani, na ukishafungua bila kuzichukua hakuna mtu duniani atakayekuambia pinioni ilikuwa inakaa wapi.

Kwenye R180 yako krauni inashikwa na vifuniko viwili vya pembeni, kila kimoja kina shimu zake chini, yani vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi. Shimu za kushoto mfuko wake, za kulia mfuko wake, andika kwa maka pen. Pinioni inatoka kwa presi, na chini ya beringi kubwa, kati yake na kichwa cha pinioni, kuna washa nene moja. Hiyo washa ndo inaamua pinioni inaingia ndani kiasi gani. Ipime kwa mikromita, siyo kwa kaliipa ya kichina ya plastiki tafadhali.

Beringi nunua za kijapani za kweli kutoka duka unaloliamini, zote, na sili zote na oringi zote, maana kushusha difu mara ya pili kwa ajili ya sili ya bei ya soda inauma. Vikombe vya zamani, yani pete za nje za beringi, vitoe kwa kipande cha shaba ukigonga huku na huku. Vipya viweke friza usiku, na beringi ya ndani ipashe kwenye oveni isizidi nyuzi 120, itadondoka mahali pake yenyewe. Usikubali mtu alete moto wa gesi, chuma cha beringi kikishabadilika rangi kimeshaharibika hata kama kinazunguka.

Hapa sasa ndo utulie. Beringi mpya hailingani kimo na ya zamani hata ikiwa namba ile ile. Ziweke zote mbili juu ya kioo, kila moja na kikombe chake, zungusha kidogo zikae, pima kimo. Kama mpya ni ndefu kwa milimita 0.03, washa yako ipungue kwa 0.03, na washa zinauzwa kwa hatua ndogo hivyo hivyo. Najua unasema 0.03 ni nini, ni chini ya nusu ya unene wa unywele, lakini hiyo ndo inayotenganisha difu ya kimya na difu inayoimba, nimeiona kwa macho yangu kwenye rangi, washa moja tu na alama inatembea juu ya jino.

Ubano wa beringi za pinioni kwenye hii unakuja kwa spesa ngumu (bomba fupi linalotenganisha beringi mbili) na washa ya kuchagua. Unafunga nati kwa torki kamili ya kitabu alafu unapima pinioni inagoma kiasi gani kuzunguka, kwa mizani ya spring au spana ndogo ya torki. Ikiwa nzito unaongeza washa, ikiwa nyepesi unapunguza, na unaweza kufungua na kufunga mpaka uridhike. Mwambie fundi wako, kwa sababu wengi wamezoea Toyota Mark II na Altezza ambazo zina spesa inayopondeka, zile ukipitiliza spesa imekufa unaweka nyingine, huwezi kurudisha nati nyuma. Akifanya yako kwa akili ya Mark II ataharibu. Namba za ubano chukua kwenye kitabu cha mwaka wa gari yako, usichukue zangu.

Alafu krauni inarudi, vifuniko na shimu zake, na unapima plei tena. Ikiwa kubwa unahamisha shimu kutoka upande mmoja kwenda wa pili ili krauni isogelee pinioni, jumla ya shimu haibadiliki, ndo ubano wa beringi za pembeni unabaki pale pale. Yangu nilisimama kwenye plei ya milimita 0.12 kwa sababu ndivyo nilivyoikuta. Paka rangi. Alama ikikaa juu karibu na ncha ya jino, pinioni iko mbali, washa iwe nene zaidi. Ikizama chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia sana, washa ipungue. Ikikimbilia mwisho wa ndani wa jino plei ni ndogo, ikikimbilia mwisho wa nje plei ni kubwa. Na gia zako siyo mpya, kwaiyo usitafute picha nzuri ya kwenye kitabu, tafuta picha yako uliyopiga siku ya kwanza, isipokuwa tu kama kuna mtu alishaifungua vibaya kabla yako. Mafundi wanaweza kubisha hapa. Wabishe, wewe shika picha yako. Gia zilizotembea zikihamishwa hata kwenda mahali pazuri zinalia.

Kuhusu LSD, ile sehemu ya difu inayozuia gurudumu moja lisiteleze peke yake, kama ni ya sahani fungua upime unene wa sahani, kama ni Torsen, ya gia, iache. Bolti za krauni zisafishe na ufunge kwa gundi ya nyuzi. Oili ni GL-5 75W-90 inayokubali LSD, kama lita moja, unajaza gari ikiwa sawa chini mpaka ianze kumwagika tundu la juu. Asikuwekee GL-4 aliyobaki nayo, meno ya hii difu yanasuguana kwa kuteleza siyo kubingirika tu, na bila dawa za GL-5 yanalika haraka. Na usisahau kipumulio, kitoe, kipulize, kirudishe.

Siku ya kwanza nenda taratibu kama dakika ishirini, simama, iache ipoe kabisa, rudia. Usivute trela usikimbize mtu. Kilomita 800 hivi mwaga oili, angalia sumaku. Mimi niliipeleka barabara ya Makuyuni kukiwa bado giza, redio imezimwa, vioo vimefungwa, 70, 80, 90, nikikanyaga na kuachia, na nikasikia upepo na tairi tu. Najua utasema Impreza ilishinda mbio za Safari Rally 1997 na McRae na 2000 na Burns kwaiyo haiwezi kufa kwa kelele kidogo, sawa, lakini nyuma yao kulikuwa na timu nzima ya mafundi na wewe uko peke yako Tegeta.

Dayo geji yangu na stendi yake ya sumaku nitampa dereva wa basi la Alhamisi, nimefunga kwenye boksi la viatu lenye jina lako, ichukue mwenyewe stendi ya basi usitume kijana, na isidondoke. Ukishapima kabla ya kufungua nitumie zile namba nne na picha za rangi, pande zote mbili, niangalie kabla fundi hajaweka presi. Kama washa itakayotakiwa haipo Dar niambie, kuna mzee mchongaji hapa Unga Limited anazisaga vizuri sana, nitampelekea ile ya zamani.

Wako,
Elia