Anayekwenda Lamu aulize maji kwanza

Mhariri,

Likizo ya Desemba ikikaribia, kurasa za safari hujaa habari za pwani: bei za vyumba, mahali pa kula, mavazi ya heshima. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, haukosekani. Kinachokosekana ni saa za maji ya bahari kujaa na kupwa. Mgeni hupangiwa siku nzima kwa saa ya mkononi, kisha mashua ikikwama kwenye tope la mikoko lawama humwangukia nahodha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya Lamu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Siku hizo na mbili tatu baada yake ni za bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana.

Chukua magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Mashua hupita kwenye mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, na mkono huo hubaki tope maji yakipwa. Anayetaka kuliona kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, ambako watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, bado huja kuomba mvua, afike saa moja hivi kabla maji hayajajaa kabisa, na aanze kurudi mara yanapogeuka. Akizubaa kwa picha atakaa na mbu mpaka maji yarudi, na hiyo ni nusu siku. Wakati mzuri ni siku ya tano au ya sita baada ya mwezi mpevu au mwandamo, kwa sababu maji hujaa asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, jua halijawa kali. Nahodha anayekubali kukupeleka Takwa saa yoyote utakayo, mwache. Na mkipatana bei, ulizeni kama ni ya chombo kizima au ya kila kichwa, na kama mafuta yamo.

Wanaokwenda Pate au Siyu kwa boti ya abiria wajue kuwa mlango wa Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, nao unataka maji mengi, ndiyo maana saa ya kuondoka hubadilika kila siku. Huo si uzembe. Ulizeni gatini jioni ya kuamkia safari.

Kwenda Shela kwa miguu ni kilomita 3 hivi, dakika 40 au zaidi kidogo. Bamvua likijaa, maji hupiga ukuta na njia ya ufukweni hukatika; pitia njia ya ndani, au ungoje. Pwani ya Shela inayotazama bahari kuu haina mwamba wa kuikinga. Maji yakitoka, mkondo wa mlangoni huvuta kwenda nje, na wakati wa kusi mawimbi huwa makubwa. Watoto waoge maji yakiwa yanajaa, tena upande wa kijijini.

Siku za bamvua, basi, asubuhi iachieni nchi kavu: ngome iliyokamilika mwaka 1821, iliyokuwa jela hadi 1984, makumbusho ya ufukweni, na vichochoro kabla punda hawajazidi. Bahari iwe ya alasiri. Ngazi za gati maji yakipwa huwa na ukungu wa kijani unaoteleza vibaya, kwa hiyo anayeshuka Manda kutoka uwanja wa ndege au anayevuka kutoka Mokowe, upande wa bara, avae viatu vya kushika, na mzigo ampe kwanza mtu wa chomboni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapochapa makala ya Lamu, wekeni pembeni kisanduku cha tarehe za mwezi na saa za maji kujaa kwa wiki hiyo. Majedwali ya maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, yapo, na Lamu haipishani nayo kwa mengi. Nyumba za wageni nazo ziandike saa hizo mlangoni kila asubuhi, kwa chaki.

Msomaji,
Lamu