Wanangu wa Kigoma, nakala ya mkataba iko wapi?

Wanangu mnaoimba, wa Ujiji, Mwanga, Gungu mpaka Kibirizi, nawasalimu. Naandika nikiwa na uchungu, nikipandisha sauti mtanisamehe.

Wiki iliyopita kijana wa mtaani kwetu, namjua toka anasoma madrasa, kaja barazani kwangu macho mekundu. Wimbo kautunga mwenyewe, kauimba mwenyewe, umeondolewa kwenye chaneli yake ya YouTube, kampuni iliyomsainisha mwaka juzi inasema ni mali yao. Nikamwambia lete mkataba tuusome. Babu, mkataba anao meneja. Na nakala yako? Sikupewa. Ulisaini wapi? Nje ya ukumbi baada ya shoo, kwenye boneti ya gari, walishanipa milioni mbili na simu. Ulisoma? Ulikuwa wa Kiingereza babu, nikasaini ukurasa wa mwisho.

Sikulala siku ile.

Hivi nyie mkinunua kiwanja Mwandiga, si mnaenda na baba mdogo, na mashahidi, mwenyekiti anagonga muhuri, mnapima mpaka kwa kamba na jirani anaitwa aone? Sasa wimbo, ambao sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inaulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, yaani mpaka wajukuu wanakula, huo unausaini usiku peke yako! Na wazazi wenzangu tusijifiche. Muziki tumeuita uhuni miaka yote, mtoto akiitwa na kampuni anaona aibu kumwambia baba twende wote. Uhuni gani jamani? 2012 Kigoma All Stars walipotoa Leka Dutigite mkoa mzima tulicheza, kila mtu anasema hao ni watoto wetu. Leo mtoto anatafuta mtu wa kumsindikiza kwenye mkataba hampati.

Sisi hatukuwa na njia. Miaka ya 70 nilikuwa Tabora napiga gitaa la ridhimu, mji ule ulikuwa na Tabora Jazz ya kina Shem Karenga, mtoto wa huku huku Kigoma, na sisi vijana tukafuata reli hiyo hiyo. Vyombo ni vya mwenye bendi, ukiacha kazi unaacha na gitaa. Kurekodi mnapanda treni mpaka Dar, Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, bendi nzima inapiga kwa pamoja, mmoja akikosea mnaanza upya, mkimaliza tepu inabaki kwao nyie mnarudi na sifa. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977 hata huko pakawa pagumu. Zikaja kanda, unampelekea msambazaji Kariakoo masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, anakulipa mara moja basi, atadurufu ngapi huna pa kuhesabia. Tulikubali kwa sababu bila wao msikilizaji humpati.

Nyie mnampata. Unarekodi chumbani hapo Mwanga, baada ya siku chache wimbo uko Boomplay, uko YouTube, mtu wa Bujumbura anausikiliza. Kampuni nyingi siku hizi zinakuja zikishaona una watazamaji tayari, sasa kwa nini uongee nao kama unaomba kibarua? Kodisha, usiuze. Wape miaka mitatu, mitano, halafu masta irudi kwako, na iandikwe. Harmonize alipotoka WCB, lebo yaani kampuni ya muziki ya Diamond, 2019 alisema hadharani alitakiwa alipe milioni 500. Sisemi lebo ni mbaya, zimewatoa watu wengi na wanakula vizuri, ila mlango wa kutokea uulize kabla hujaingia.

Halafu hiyo advansi, yaani hela wanayokutangulizia ukisaini, kama zile milioni mbili. Nyie ni watoto wa ziwa, mnajua dagaa wakifika mwaloni asubuhi tajiri wa chombo anatoa kwanza mafuta ya injini na gharama za taa, kinachobaki ndio kinagawanywa. Mvuvi ambaye hakusoma hata darasa moja anaijua hesabu ile na anaisimamia, anajua yalienda madumu mangapi. Advansi ndio hivyo hivyo, ni deni la wimbo wako. Video, picha, nauli, hoteli, mara nyingi vyote vinakatwa kwanza, tena kwenye fungu lako. Huyu kijana anaambiwa bado anadaiwa video, risiti hajawahi kuona hata moja! Uliza nini kitakatwa, nani anaidhinisha matumizi, mahesabu utaletewa kila baada ya miezi mingapi.

Mengine nayapitia tu. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema. Paswedi ya chaneli na imeili yako usimpe mtu. Mkitunga wawili andikeni mgao siku hiyo hiyo studio, na mtengeneza biti awemo. Dai mkataba wa Kiswahili. Jina lako la kisanii lisiwe la kampuni.

Mimi sio mwanasheria, lakini kusoma naweza na wanaojua sheria nawafahamu. Kila siku baada ya alasiri niko barazani Ujiji, aliyepewa karatasi aje nayo kabla hajasaini, hata akija usiku agonge.

Na wewe mwanangu uliyekuja wiki ile, Jumamosi njoo na namba ya huyo meneja. Tutampigia mimi, wewe na baba yako, tuanze kwa kudai nakala. Baba yako nimeshaongea naye, kasema atakuja.