Masikio na usawa wa mwili vipimwe kitandani mwa mgonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasilishe ombi kwa wakuu wa sekta ya afya: kila mgonjwa anayechomwa kwa siku nyingi sindano za gentamisini au amikasini, ambazo ni dawa za kuua bakteria, apimwe usikivu na usawa wa mwili akiwa palepale kitandani, mwanzoni mwa matibabu na tena sindano zikiwa zinaendelea.

Dawa za jamii hii, ambazo ya kwanza yao ni streptomaisini iliyogunduliwa mwaka 1943, zimeokoa watu wengi, wala siandiki kuzipinga. Mtoto mchanga mwenye maambukizi kwenye damu hupewa gentamisini pamoja na ampisilini kwa sababu asipotibiwa upesi anaweza kufa. Lakini dawa hizo huweza kuua seli za vinyweleo zilizomo katika sikio la ndani, ambazo hupokea sauti na mwendo wa kichwa, na seli hizo kwa binadamu zikifa hazirudi. Madhara kwa kawaida huanzia kwenye sauti nyembamba sana, ambazo hazina kazi kubwa katika mazungumzo, kwa hiyo mgonjwa huendelea kumjibu daktari vizuri huku usikivu wake ukimomonyoka, na siku anapoanza kuomba arudiwe maneno huwa amekwisha kupoteza mengi.

Kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu jambo hili limeeleweka. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limeacha kupendekeza kanamaisini, dawa nyingine ya jamii hii, na amikasini imebaki kwa masharti, mojawapo likiwa kufuatilia madhara yake. Hofu yangu ni kwamba ujio wa vidonge vya kifua kikuu kama bedakwilini umetufanya tuone tatizo limekwisha, ilhali gentamisini ingali ikitumika katika wodi za watoto wachanga na za watu wazima.

Kilichosahaulika zaidi ni usawa wa mwili, ambao nao huongozwa na sikio la ndani, ingawa gentamisini hushambulia sehemu hiyo ya sikio kuliko hata ile ya kusikia. Sikio moja likiharibika ghafla, mtu hupata kizunguzungu kikali ambacho hakuna atakayekipuuza. Yakiharibika yote mawili kwa pamoja, kama zifanyavyo dawa hizi, mara nyingi mgonjwa haoni chumba kikizunguka hata kidogo. Analolalamikia ni kwamba akitembea huona vitu vikirukaruka mbele yake, hawezi kusoma bango mpaka asimame, na gizani huyumba kama mlevi. Kwa kuwa amekuwa akiumwa, yeye na wanaomhudumia huona ni unyonge wa ugonjwa tu, na sindano huendelea.

Kupima hali hiyo hakuhitaji mashine yoyote. Mgonjwa husomeshwa herufi za ubao wa kupimia macho akiwa ametulia, kisha husomeshwa tena huku muuguzi akimtikisa kichwa kidogo kulia na kushoto, kama mara mbili kwa sekunde. Uwezo wake ukishuka kwa mistari mitatu au zaidi, kuna sababu ya kushuku masikio. Kipimo kingine kilielezwa na watafiti Halmagyi na Curthoys wa Sydney, Australia, mwaka 1988. Mgonjwa hukazia macho pua ya mpimaji, kichwa chake kikageuzwa kidogo kwa ghafla: macho ya mtu asiye na tatizo hubaki puani, ya aliyeathirika huchukuliwa na kichwa kisha huruka kurudi. Asipimwe hivyo mwenye jeraha la shingo.

Kwa usikivu vipo vifaa vya kushikwa mkononi. Kwa kichanga aliyelala, kijiti laini huwekwa sikioni, kikatoa milio na kusikiliza mwangwi unaorudishwa na sikio la ndani. Kipimo hicho hakioni mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo, hivyo mtoto aliyekuwa na manjano kali, ambayo huweza kuudhuru mshipa huo, apimwe pia kwa kifaa kinachosoma mawimbi ya ubongo, nacho kinabebeka.

Wapo wanaouliza faida ya kupima uharibifu usiotibika. Daktari akijua mapema anaweza kubadili dawa, kupunguza idadi ya siku au kuacha kuichanganya na furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, ambayo huzidisha madhara. Na mtoto aliyepoteza usikivu akitambuliwa ndani ya miezi ya kwanza, wazazi wanaweza kumwanzishia kifaa cha kusikilizia au lugha ya alama kabla umri wa kujifunza lugha haujampita.

Wataalamu wa usikivu ni wachache nao wako hospitali kubwa. Kwa hiyo wafundishwe wauguzi na matabibu wa wodi. Wizara ya Afya iongeze katika fomu ya dawa nafasi ya kuandika matokeo ya vipimo hivi, na matokeo hayo yaandikwe pia kwenye karatasi ya ruhusa, kwa sababu madhara huweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Muuguzi mstaafu,
Moshi