Barua kwa Mwanangu: Siku Moja Wasini

Mji wa Kale,
Mombasa.

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti la babako limepoa, na majirani wote wa Kibokoni wanakusalimu. Barua yako niliisoma kwanza peke yangu, kisha nikamsomea babako baada ya Ishaa, na tumefurahi mno kusikia kwamba mmepata likizo, na kwamba ile fungate ambayo kazi ziliwanyima mnataka kuja kuifanya huku kwetu pwani. Lakini ratiba uliyoiambatanisha imenitia wasiwasi. Katika siku moja umepanga Ngome ya Yesu asubuhi, Haller Park adhuhuri, Diani alasiri na chakula cha usiku Nyali, na siku inayofuata imejaa vivyo hivyo. Mkaza mwanangu atakuja huku akiwa amechoka, na kwa mwendo huo ataondoka amechoka zaidi.

Nakuomba uitenge siku moja mwende Wasini, kile kisiwa kidogo cha kusini, ng'ambo ya Shimoni, na siku hiyo msipange jambo jingine lolote. Saa zenu ziachieni maji yanayojaa na kupwa.

Unajua kwamba babako amefanya kazi bandarini Kilindini maisha yake yote ya utu uzima. Bahari kwake ilikuwa zamu, makasha na winchi, na mimi niliyezaliwa karibu na Bandari ya Kale, bahari kwangu ilikuwa ni samaki wa kununua na upepo wa kuanikia nguo. Tumeishi kisiwani miaka yote hii pasipo kukaa kitako wawili mbele ya maji, bila shughuli na bila mtoto wa kuchungwa. Msimu wa kaskazi uliopita dada yako alitulipia safari ya Wasini, akakataa kata kata kusikia visingizio vyetu, nasi tukaenda. Mchana, baada ya kula, babako alijinyoosha kwenye mkeka chini ya mti, akalala usingizi mzito, na alipoamka hakuuliza saa. Mimi niliyekaa naye ndani ya nyumba umri wote huu najua jambo hilo lina uzito gani kwake. Kisha tukazungumza mpaka alasiri, juu ya mambo ambayo tulikuwa tukiyapisha mlangoni kwa miaka, na mengine yalikuhusu wewe. Ndiyo maana nataka ninyi mlipate hilo mapema, mngali vijana, kabla nyumba yenu haijajaa watoto na karo.

Sasa sikiliza habari ya majira, maana umeandika kwamba likizo inaweza kuwa Agosti au baada ya katikati ya Novemba. Chukua Novemba. Agosti kusi bado inavuma, bahari huchafuka, maji hupoteza uangavu wake, na mtu asiyezoea chombo hutapika kabla hajaona samaki hata mmoja. Ni kweli kwamba miezi hiyo ndiyo nyangumi wanapopita pwani yetu, na kumwona nyangumi akipumua ni neema kubwa, lakini kwa safari ya kwanza ya mkeo sitaki aijue bahari kwa kichefuchefu. Kuanzia Oktoba hadi Machi maji huwa matulivu na unaona mpaka chini.

Ukishapata mwezi, tafuta siku, na hapa usitazame kalenda ya ofisini bali tarehe ya mwezi mwandamo. Siku za mwanzo wa mwezi, na zile za kuanzia tarehe 14 mpaka 17 hivi, ni bamvua: maji hupwa sana na kujaa sana, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Wakati wa bamvua katika pwani yetu maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, kisha hujaa tena alasiri. Kwa Wasini mpango huo unafaa sana, kwa sababu asubuhi mtakuwa Kisite, hifadhi ya bahari iliyo karibu na kisiwa hicho, wakati fungu la mchanga limejitokeza na matumbawe yako karibu na uso wa maji, na alasiri mtakuwa kisiwani wakati maji yanarudi. Wakati wa maji mafu, yaani karibu na tarehe 7 na tarehe 22 za mwezi, mambo ni kinyume, na fungu la mchanga huenda msilione.

Safari yenyewe si ngumu. Mkija kwa treni mtashuka Miritini, na mkitaka kwenda moja kwa moja Kusini mwa Pwani mtapita barabara ya Dongo Kundu bila kungoja feri ya Likoni. Shimoni, ambako mtapanda chombo, iko zaidi ya kilomita 70 kutoka mjini. Mtapita Ukunda, Msambweni na mashamba ya miwa ya Ramisi, kisha mtaingia kushoto kwenye njia panda. Laleni Shimoni usiku wa kuamkia siku hiyo. Watu wengi hutoka Mombasa alfajiri na kurudi jioni ileile, nao huitumia nusu ya siku garini. Mkifika mapema jioni, mtembelee pango ambalo kwa kumbukumbu za wenyeji watumwa walizuiliwa humo wakingoja kusafirishwa. Nendeni na msikilize kwa adabu yanayosimuliwa, lakini fanyeni hivyo siku hiyo ya kuwasili. Kutoka mle na kuingia moja kwa moja kwenye chombo cha matembezi si sawa, na mkeo, kwa jinsi nilivyomjua, angelibeba jambo hilo moyoni mchana kutwa.

Ada ya hifadhi ilipe kupitia eCitizen mkiwa bado na mtandao mzuri, na mchukue vitambulisho vyenu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1978. Kisite yenyewe ni kilomita za mraba 28 ambazo hazivuliwi kabisa, na upande wa Mpunguti ni kilomita za mraba 11 ambako wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa kuvua kwa zana zao za asili. Utaiona tofauti kwa macho: Kisite samaki hawamkimbii mtu.

Niseme kuhusu hofu ya mkeo, maana aliniambia mwenyewe kwa simu kwamba amelelewa Nakuru na hajui kuogelea. Hofu hiyo ni ya haki na usiicheke, wala usimshinikize mbele ya mabaharia. Kabla chombo hakijang'oa nanga, hakikisha kila mmoja amepewa jaketi ya kuokolea inayomkaa vizuri, na ikiwa nahodha anasema hazihitajiki, shukeni mtafute chombo kingine. Mkifika Kisite, si lazima aingie majini. Akiinama kwenye ubavu wa chombo wakati maji yamepwa ataona matumbawe na samaki wa rangi zote kama aliyeinamia sinia. Akitaka kuingia, na avae jaketi yake, apewe miwani na mrija wa kupumulia, ashike boya, na mwongozaji amkokote polepole nawe ukiwa upande wa pili. Mkono wake usiuachie ili umwonyeshe jinsi unavyojua kupiga mbizi. Utapiga mbizi siku nyingine.

Msikanyage matumbawe hata kidogo. Ni viumbe hai, hukua polepole mno, na joto la bahari la mwaka 1998 liliyaua mengi katika pwani yetu yote. Yaliyobaki na yaliyoota upya yanastahili heshima. Makombe pia yaacheni palepale. Pomboo mkiwakuta, na mara nyingi hukutwa katika maji hayo, mwombe nahodha apunguze mashine na angoje. Nimeona vyombo vikiwazunguka na kuwafukuza ili abiria wapate picha, nami sikupendezwa. Sisi tulizima mashine, tukanyamaza, nao wakaja wenyewe, mama na mtoto wake, wakapita karibu mpaka babako akanishika bega.

Adhuhuri vukeni mpaka Wasini kwenyewe. Kisiwani hakuna gari hata moja, na mtalisikia jambo hilo kabla hamjalifikiria. Chakula kiagizwe asubuhi mnapoondoka, ili kiwe kinaiva mkiwa majini: kaa wa kuchemsha kwa ndimu, samaki wa kupaka, wali wa nazi na kachumbari yenye pilipili. Kuleni taratibu. Simu zote mbili ziwekwe ndani ya kikapu, na yako iwe ya kwanza, maana nakujua. Ofisi iliyoishi bila wewe tangu asubuhi itaweza kuishi mpaka Magharibi. Baada ya chakula laleni, au mkae tu. Usimwulize mkeo kila dakika kama amefurahi. Kimya kikiingia kati yenu kiacheni kikae, kwa kuwa maneno mazito huhitaji muda kabla hayajatoka, na nyumbani muda huo haupatikani.

Alasiri nendeni kwenye bustani ya matumbawe iliyo nyuma ya kijiji. Ni matumbawe ya kale, yaliyokufa zamani bahari iliposhuka, yakabaki yamesimama nchi kavu kwa maumbo ya ajabu, na kati yake na mikoko akina mama wa Wasini wamejenga daraja la mbao la kutembelea. Kiingilio kinakwenda kwenye kikundi chao, kwa hiyo msiombe kupunguziwa. Siku ya bamvua maji huingia polepole chini ya mbao, kaa wadogo wakikimbia mbele yake, na hapo ndipo mimi na babako tulipokaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, naye hakulalamikia goti. Mkipita kijijini, mkeo ajifunge leso juu ya nguo za kuogelea, nawe uvae shati na utoe salamu kwanza kwa wazee walio barazani. Ni Wavumba, watu waungwana, na Kiswahili chao kitakuburudisha. Waulize habari za maji ya kunywa, utaelewa kwa nini jabia la kuhifadhia maji ya mvua lilikuwa na thamani kubwa katika kisiwa cha mawe matupu, na hutayamwaga ovyo maji utakayopewa ya kunawa.

Rudini Shimoni kabla ya jua kuzama. Msiongeze kitu jioni hiyo. Kuogeni, mle mkate na chai, mlale.

Ngome ya Yesu na hayo mengine yote yatapata nafasi siku zilizobaki, nami mwenyewe nitawatembeza Mji wa Kale. Niandikie tarehe zako mapema, kabla mwezi huu haujaisha, ili nihesabu bamvua na babako azungumze na nahodha aliyetuchukua sisi, ambaye ni mtu mwangalifu na jaketi zake ni nzima. Uniambie pia kama mkaza mwanangu anakula kaa. Asipokula, tutaagiza atengewe changu wa kupaka.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi,
Mama yako.