Wanafunzi wa umeme tupeni bisibisi, fotokopi tumeshaijua

Mhariri,

Naomba nafasi ndogo katika gazeti lako. Mimi ni mtoto wa Wete, nasoma shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme katika chuo kimoja cha Bara, na muhula ujao naingia mwaka wa nne, ambao ndio wa mwisho. Likizo hii pangaboi la bibi yangu limenitia aibu, nami nimeona aibu hiyo nisikae nayo peke yangu.

Pangaboi lenyewe la zamani. Ukiwasha linanguruma tu, halizunguki. Bibi akaniita mbele ya majirani wawili waliokuja kuzungumza alasiri: "Njoo mwanangu, si ndiyo kazi unayosomea hii?" Nikapanda juu ya meza, nikalitizama, nikaligusa likawa la moto, nikashuka nikasema mota imeungua, linunuliwe jengine. Majirani wakatikisa vichwa kwa heshima ya elimu.

Baada ya Magharibi akaja ami. Ami yangu ni fundi wa kufunga waya majumbani, skuli aliiachia darasa la kumi. Hakupanda meza. Alichukua ufagio, akawasha swichi, akalisukuma panga moja kwa mpini. Pangaboi likaanza kwenda, polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Kapasita hiyo imekufa," akasema. "Kesho kanunue ya 2.5."

Mhariri, kapasita ile naijua. Umeme wa nyumbani ni wa fezi moja, yaani waya mmoja tu wenye moto, na fezi moja peke yake haiwezi kuianzisha mota ya namna ile, kwa sababu nguvu ya sumaku inakwenda na kurudi palepale bila ya kuzunguka. Ndiyo maana ndani mna koili mbili, na kapasita hufanya mkondo wa koili ya pili utangulie ule wa kwanza, hapo sumaku ikapata upande wa kuzungukia. Haya niliyaandika kwenye mtihani kurasa mbili, na mchoro wake, na ile herufi j tunayoitumia sisi watu wa umeme mahali ambapo wanahisabati huandika i, yaani kipeuo cha pili cha hasi moja (kwetu sisi i imeshachukuliwa na mkondo). Alama nilipata nzuri. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kapasita hiyo ni kile kiboksi cheusi nilichokiona kwa macho yangu, kimekaa juu ya mota, nikakiruka.

Imekuwaje nikafika hapo? Nisilitupie chuo lawama zote. Maabara tunazo, ila kifaa kimoja tunakizunguka wanafunzi wanane, mmoja anashika waya na saba tunaandika namba. Wenzangu waliopitia diploma kwanza, kama hawa wanaotoka Taasisi ya Karume pale Mbweni, Unguja, ndio hao wanaoshika waya. Sisi tuliotoka kidato cha sita moja kwa moja tunaandika.

Pahala pa kuziba pengo hilo ni mafunzo kwa vitendo. Mwaka jana nilipelekwa ofisi moja, jina nalihifadhi, kwa wiki nane. Siku ya kwanza nikavaa viatu vya ngozi vizito nilivyoazima kwa kaka yangu. Nikapewa kiti pembeni ya mashine ya fotokopi. Wiki ya pili nikaijua mashine ile kuliko aliyeinunua. Gari la mafundi likitoka asubuhi naliona kupitia dirishani. Nikiomba kufuatana nao naambiwa gari limejaa, siku nyengine naambiwa mtoto wa kike jua litamchoma. Jua hili la Pemba nimezaliwa nalo! Mwisho wa wiki nane kitabu changu kikapigwa muhuri kwamba nimefanya vizuri sana.

Safari hii sikuomba ofisi. Nimefuatana na ami. Bibi alipinga habari ya ngazi, ami akamwambia, "Avae suruali ndani ya baibui, apande." Katika siku ishirini nimejifunza kuitafuta shoti kwa kutenga chumba kimoja kimoja, na kutoiamini testa peke yake. Nami nina nilichompa. Alikuwa akistaajabu kwa nini waya aliokwishauzima kwa swichi bado unawasha taa ndogo ya testa. Nikamwambia nyaya mbili zikilala pamoja ndani ya paipu moja, na plastiki katikati yake, zenyewe zinakuwa kapasita. Akanyamaza kidogo. "Basi na kebo ya baharini nayo?"

Swali hilo, Mhariri, sijaulizwa darasani kwa miaka mitatu. Sisi Pemba tuliishi kwa jenereta za dizeli mpaka 2010, ilipowashwa kebo ya kilovolti 33 inayopita chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway. Wenzetu wa Unguja yao inatoka Ras Kiromoni, kule Bara, na kuibukia Fumba, na hitilafu ya Disemba 2009 kwenye njia hiyo iliwaweka gizani hadi Machi 2010. Watu wanaotegemea nyaya za baharini kiasi hiki wanahitaji vijana wanaozijua.

Nikachukua karatasi, tukakaa barazani. Tufanye mfano tu, nikamwambia: kebo ya kilomita 75, kila kilomita maikrofaradi 0.2 (ndicho kipimo cha kapasita, na ile 2.5 ya pangaboi ni hicho hicho). Jumla 15. "Kapasita sita za pangaboi la bibi," akasema ami kabla sijamaliza. Naam, sita. Ukizifunga zote sita kwenye volti 230 za nyumbani zitavuta ampea moja na kidogo. Lakini kilovolti 33, zinazopimwa kati ya fezi na fezi, ni volti elfu 19 kati ya kila fezi na ardhi, na hapo maikrofaradi hizohizo 15 zinavuta ampea 90 hivi, hata ikiwa kisiwa kizima kimezima taa. Mkondo huo hauwashi chochote, unajaza kebo na kurudi. Ami akaishika ile karatasi muda mrefu, kisha akaikunja akaitia mfukoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa maofisi yanayotupokea, ya serikali na ya watu binafsi: mwanafunzi wa umeme akifika, mkabidhini kwa fundi mmoja, mtu mwenye jina, amfuate kila anapokwenda, na muhuri wa kitabu augonge fundi huyo. Glovu na kofia tutanunua wenyewe ikibidi. Na gari likijaa kweli, tuambieni linakokwenda, tutapanda daladala.

Pangaboi la bibi linazunguka. Kapasita nilifunga mimi, ami akashika meza. Wale majirani wawili walirudi juzi, na kila mmoja kaja na pasi yake mbovu.

Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme,
Wete, Pemba