Miradi mipya ya wavuti ianze na import

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowatatiza vijana wengi wanaojifunza kutengeneza programu za wavuti, nalo ni kuchagua mfumo wa kuingiza moduli, yaani mafaili ya programu yanayotumiwa na mafaili mengine, kati ya CommonJS, unaotumia require, na ule wa import uliowekwa katika lugha ya JavaScript yenyewe mwaka 2015. Bado wapo wakufunzi wanaoanza na require bila kueleza imetoka wapi, na mwanafunzi akilipeleka faili lake kwenye kivinjari anaambiwa kwamba neno hilo halijulikani.

CommonJS ilianza mwaka 2009, wakati JavaScript haikuwa na njia yake ya kugawa programu katika mafaili, na Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ikaichukua kwa kazi za seva. Kwenye seva faili limo diskini, kwa hiyo programu ikisimama kidogo kulisubiri hakuna hasara kubwa. Kivinjari hakina anasa hiyo, kwa sababu kila faili linavutwa kupitia mtandao. Ndiyo maana tamko la import haliruhusiwi kufichwa ndani ya sharti: kivinjari hulisoma na kujua kinachohitajika kabla programu haijaanza kutekelezwa. Kwa sababu hiyohiyo, zana za kufungasha programu huweza kubaini sehemu zisizotumika na kuziacha nje, na hilo si dogo kwa mtu anayefungua tovuti kwa bando la simu.

Sikatai kwamba import ina usumbufu wake katika Node.js. Katika matoleo ya zamani ni lazima kutaja "type": "module" katika package.json, faili la maelezo ya mradi, au kuyapa mafaili kiambishi cha .mjs, na anayesahau kuandika jina kamili la faili pamoja na .js atakwama. Hayo hujifunzwa mara moja.

Mwenye mradi mkubwa wa zamani unaofanya kazi vizuri simshauri aubomoe kwa kufuata mtindo, hasa kwa kuwa matoleo ya karibuni ya Node.js 22 yanaruhusu require kuita moduli za mfumo mpya, mradi tu zisiwe na await, neno la kusubiri jibu, nje ya fanksheni. Anaweza kuhamisha faili mojamoja kila anapolifanyia marekebisho. Anayeanza leo hana mzigo huo, na sioni kwa nini afundishwe require kwanza.

Msomaji wako,
Mtengenezaji wa programu,
Morogoro